Kitunguu cha Maua Huzaaje?



Katika somo la viambishi vya kitenzi, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliandika sentensi hii: "Kitunguu cha maua kimejizaa." Niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Kimezaa. Hakuna kiumbe kinachojizaa chenyewe."

Siku ya pili yake alikuja ofisini kwangu akiwa na udongo mikononi. "Shikamoo, mwalimu," alisema. "Naomba tutoke nje kidogo nikuonyeshe kitu." Mbele ya idara yetu vibarua walikuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji, na mtaro huo ulipita katikati ya tuta la maua. Kwenye tuta hilo kulikuwa na amarili, ule mmea wa maua makubwa mekundu yenye umbo la tarumbeta ambao wengi wetu tumeuona kwenye bustani za makanisa, shule na hoteli. Uliletwa na mwalimu mwenzetu ambaye sasa ni marehemu. Sisi tuliokuwapo siku hiyo tunakumbuka vizuri kwamba alipanda kitunguu kimoja tu. Vibarua walikuwa wameng'oa vitunguu 23.

Hakuna mtu aliyekuwa amepanda vingine. Mwanafunzi alinitazama, akauliza kwa adabu: "Kama hakikujizaa, mwalimu, hivi vingine vimetoka wapi?"

Makala hii ni jibu langu kwake, na kwa yeyote mwenye kitunguu cha maua uani kwake. Kwa ufupi jibu ni hili: kitunguu cha maua kina njia mbili za kuongezeka. Njia ya kwanza hutoa nakala yake mwenyewe, isiyotofautiana naye hata kidogo. Njia ya pili hutoa mtoto, ambaye si nakala kamili ya mzazi wake yeyote. Njia hizi mbili zina faida na hatari zake, na mtunza bustani asiyezitofautisha anaweza kupoteza ua alilolipenda, au kusambaza ugonjwa huku akidhani anagawa zawadi.

Ndani ya kitunguu mna nini?

Tuanzie jikoni. Chukua kitunguu maji, ukikate kutoka juu hadi chini. Upande wa chini, pale mizizi inapoanzia, utaona kipande kifupi, kigumu na bapa. Mpishi hukikata na kukitupa, lakini kwa mmea hicho ndicho kilicho muhimu kuliko vyote, kwa sababu hicho ndicho shina lenyewe. Katika makala hii nitakiita kitako. Tabaka nyeupe tunazozila ni sehemu za chini za majani, zilizonenepa kwa chakula kilichohifadhiwa humo. Hizo nitaziita magamba. Katikati kabisa kuna chipukizi changa ambalo litakuwa majani na ua.

Kwa hiyo kitunguu ni mmea mzima uliofupishwa: una shina, majani, mizizi na chipukizi, vyote katika kitu kinachoenea kiganjani. Amarili na tulipu zimejengwa hivyo hivyo, nazo hufunikwa kwa ngozi kavu ya kahawia kama kitunguu maji. Yungiyungi la bustanini pia ni kitunguu, ila halina ngozi ya nje, na magamba yake yamepangana mojamoja kama magamba ya kakakuona.

Gladiola ni tofauti kidogo. Watu wengi huiweka katika kundi la vitunguu, na madukani huuzwa pamoja navyo, lakini ukiikata hutaona tabaka. Utaona nyama ngumu moja kama ya kiazi mviringo. Hapa chakula hakikuhifadhiwa katika majani bali katika shina lenyewe, ambalo limevimba likawa bonge. Tofauti hii ina maana kubwa katika namna mmea unavyozaa, kama tutakavyoona.

Ghala hili la chini ya ardhi lipo kwa sababu ya majira. Mimea ya aina hii asili yake ni mahali penye msimu mrefu wa ukame au wa baridi kali. Tulipu za mwituni hupatikana katika milima ya Asia ya Kati, ambako majira ya baridi ni ya theluji na kiangazi ni kikavu. Gladiola mojawapo ya mwituni, ambayo wataalamu huiita Gladiolus dalenii, huota katika mbuga za nyasi za Afrika, pamoja na hapa Afrika Mashariki. Ukame unapokuja, au moto wa nyasi unapopita, majani hufa lakini kitunguu hubaki salama ardhini kikisubiri mvua. Baadhi ya mimea hii ina mizizi ya kipekee ambayo hujikunyata na kuwa mifupi, ikakivuta kitunguu chini zaidi mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana anayechimba kitunguu cha zamani hukikuta chini kuliko alivyokipanda.

Njia ya kwanza: kujigawa

Turudi kwenye kitako. Kila jani la mmea lina kwapa, yaani pembe kati ya jani na shina. Katika kwapa hilo hulala chipukizi dogo. Magamba ya kitunguu ni majani, kwa hiyo nayo yana makwapa, na katika makwapa hayo, pale gamba linaposhikana na kitako, huweza kuota machipukizi. Ukitaka kuyaona yaliyokwisha kukua, bangua kitunguu saumu. Kila punje ya kitunguu saumu ni chipukizi la kwapani lililonenepa, na kila moja ukiipanda itakuwa mmea mzima.

Kwa nini basi machipukizi yote ya amarili hayachipui kwa pamoja? Ni kwa sababu chipukizi la katikati ni mkubwa wao. Hutoa kemikali inayoshuka na kuwazuia wadogo wasikue. Kitunguu kinapozeeka na kunenepa, au chipukizi la katikati linapokatwa, kuumizwa au kuliwa na wadudu, zuio hilo hupungua na wadogo huamka. Chipukizi lililoamka hujijengea magamba yake, kitako chake na mizizi yake, likabaki limeshikamana ubavuni mwa mama mpaka litakapoweza kujitegemea. Wakulima wa migomba hawatashangazwa na habari hizi. Mgomba nao huzaa watoto ubavuni, na mkulima huwatenganisha na kuwapanda kwingine.

Hata hivyo, si kila mmea hufuata desturi ile ile:

1. Amarili. Mama hubaki hai miaka mingi. Huongeza magamba mapya kutoka ndani huku yale ya nje yakinywea na kukauka, na watoto huota pembeni. Katika tuta lililoachwa bila kuguswa, watoto nao huzaa watoto wao, hivyo miaka kadhaa inatosha kufanya kitunguu kimoja kuwa kundi.

2. Tulipu. Hapa mama hafiki mwaka wa pili. Chakula chake chote humalizika kwa kutoa majani na ua, na magamba yake hubaki kama karatasi. Mahali pake hushikwa na watoto waliokua katika makwapa ya magamba hayo. Mkubwa wao huchanua mwaka unaofuata, wadogo husubiri. Kwa hiyo mtu anayesema ana tulipu ile ile kwa miaka kumi, kwa kweli ana kitukuu cha ile aliyoipanda, ingawa kwa asili ya mwili wake ni mmea ule ule.

3. Gladiola. Bonge jipya huota juu ya bonge la zamani, kama chungu kilichowekwa juu ya chungu kingine, na la zamani hunyauka. Kati ya mabonge hayo mawili huzaliwa punje nyingi ndogo zenye ganda gumu. Kila punje inaweza kuwa gladiola kamili ikitunzwa kwa misimu miwili au mitatu.

4. Yungiyungi. Mengi huzaa vitunguu vidogo kwenye sehemu ya shina iliyo chini ya ardhi. Liko pia yungiyungi la rangi ya machungwa lenye madoa meusi, asili yake Asia ya Mashariki, ambalo huzaa hewani: katika kila kwapa la jani hutokea kitunguu kidogo cheusi kama ushanga. Shina likilala, vitunguu hivyo hudondoka na kuota. Aina inayopandwa sana bustanini ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na kwa kawaida haiwezi kutoa mbegu nzima. Msomaji wa Uganda anayo mifano ya jambo hili mezani kwake: migomba ya matoke nayo ina seti tatu, ndiyo maana hatuli matoke yenye mbegu na hatupandi matoke kwa mbegu.

Njia ya pili: mbegu

Mbegu hutokea pale chavua ya ua moja inapofika kwenye ua lingine, kwa kuletwa na nyuki, nondo, ndege au mkono wa mtu. Hapo mbegu hupata nusu ya urithi wake kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo ukiotesha mbegu ishirini za amarili ya bustanini unaweza kupata maua ya namna ishirini: mengine mekundu, mengine yenye michirizi, mengine madogo na mengine bora kuliko wazazi wote wawili.

Mbegu za amarili ni nyeusi, nyembamba na nyepesi kama vipande vya karatasi iliyoungua. Zinapeperushwa na upepo, na zikiwa mbichi huota upesi, mara nyingi ndani ya wiki mbili au tatu. Lakini ua la kwanza huja baada ya miaka mitatu au zaidi. Tulipu inayooteshwa kwa mbegu humtaka mtu asubiri miaka mitano hadi saba. Subira huvuta heri, lakini subira ya aina hii si ya kila mtu.

Mimea ya kwetu ina mbegu za ajabu zaidi. Krinamu ni mmea wa maua meupe au yenye michirizi ya waridi ambao huota karibu na vinamasi na mito sehemu nyingi za Afrika. Mbegu zake ni kubwa, nono na zenye maji, bila ngozi ngumu ya nje. Ukiiweka mbegu ya krinamu juu ya meza au dirishani, bila udongo na bila tone la maji, itachipua kwa unyevu uliomo ndani yake. Kwa sababu hiyo haiwezi kuhifadhiwa ghalani kama mahindi. Ama ipandwe mapema au ife. Krinamu mojawapo ya pwani za Asia ina mbegu zinazoelea, na mawimbi ya bahari huzichukua kutoka ufuko hadi ufuko.

Mwingine ni ule mmea ambao mvua za kwanza zikinyesha huchomoza ua jekundu la mviringo kama mpira, lenye vijiua vingi vyembamba. Wataalamu huuita Scadoxus multiflorus, na huota porini katika sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara. Baada ya kuchanua huzaa matunda madogo mekundu. Mbegu yake huota vizuri ikiondolewa nyama ya tunda, na huko mwituni kazi hiyo hufanywa na ndege na wanyama.

Ua la mwaka 1799

Mfano mmoja wa kihistoria unaonyesha jinsi njia hizi mbili zinavyosaidiana. Amarili asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1799 fundi saa mmoja wa mji wa Prescot, Uingereza, aliyeitwa Arthur Johnson, alichanganya amarili za aina mbili zilizoletwa Ulaya kutoka huko, akaotesha mbegu. Alipata mmea mpya wa maua mekundu yenye mstari mweupe katikati ya kila petali. Huo unahesabiwa kuwa mchanganyiko wa kwanza wa amarili uliofanywa na mtu.

Mbegu ndiyo iliyoleta ua hilo jipya. Lakini laiti Johnson angetegemea mbegu tena kulihifadhi, lingepotea, kwa kuwa mbegu zake zingetoa maua tofauti. Yeye aligawa vitunguu vyake kwa Bustani ya Mimea ya Liverpool. Baadaye nyumba yake ya vioo ya kuoteshea mimea iliharibika, lakini ua halikupotea, maana lilikuwa limekwisha kufika mikononi mwa wengine. Hadi leo amarili ya Johnson bado inapandwa, na watu huipeana jirani kwa jirani. Kila kitunguu cha amarili hiyo ni kipande cha mmea ule ule uliochipua kwa mbegu zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Anayegawa kitunguu, basi, hapunguzi alicho nacho. Anakiwekea akiba kwa jirani.

Hatari ya nakala

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nakala hurithi kila kitu cha mama, pamoja na maradhi yake. Hili ndilo jambo ambalo wapenda maua wengi hawalifikirii.

Katika karne ya 17 matajiri wa Uholanzi walishindania tulipu zenye michirizi kama miali ya moto. Iliyosifika kuliko zote iliitwa Semper Augustus, yenye michirizi myekundu juu ya weupe. Bei za vitunguu zilipanda mno kabla ya kuanguka ghafla mwezi Februari 1637. Wakulima wa wakati huo walitambua mambo mawili ya kushangaza: tulipu ya rangi moja iliweza kubadilika ghafla ikawa na michirizi, na tulipu yenye michirizi ilikuwa dhaifu, ikizaa watoto wachache. Sababu haikujulikana mpaka karne ya 20. Mwaka 1928 Dorothy Cayley, mtafiti wa Uingereza, alionyesha kwamba hali hiyo huambukizwa kutoka kitunguu hadi kitunguu. Ni ugonjwa wa virusi, na hubebwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Uzuri uliolipiwa fedha nyingi ulikuwa dalili ya maradhi.

Kwetu hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa nchini Uganda, na tangu hapo umewatia hasara kubwa wakulima wa nchi za Maziwa Makuu. Husambazwa na wadudu, na pia na panga lisilosafishwa na watoto wa migomba waliotolewa katika shamba lenye ugonjwa. Mkulima aliyempa nduguye mche kwa nia njema alimpa na ugonjwa ndani yake.

Amarili nayo ina virusi vyake, ambavyo huyafanya majani yawe na mabaka na michirizi ya kijani hafifu na njano. Hakuna dawa ya kumtibu mgonjwa uani. Jambo linalotia moyo ni kwamba virusi hivyo kwa kawaida havipiti katika mbegu. Kwa hiyo mwenye mmea mgonjwa asiugawe. Anaweza kukusanya mbegu zake kabla ya kuuharibu, akaanza upya.

Namna ya kuzidisha vitunguu nyumbani

Kazi hizi zote zinaweza kufanywa kwa kisu, mchanga na uvumilivu.

Kwanza, kutenganisha watoto. Hii ndiyo njia rahisi. Subiri majani yapumzike, kisha chimba kwa uangalifu kuzunguka kundi lote. Kung'uta udongo. Mtoto mwenye mizizi yake hutengana na mama kwa kuzungushwa kidogo kwa mkono. Asiyetaka kuachia muache mwaka mwingine. Ukimng'oa kwa nguvu atabaki bila kitako, na asiye na kitako hawezi kutoa mizizi. Panda amarili shingo yake ikiwa juu ya udongo, mahali pasipotuama maji.

Pili, kukata vipande. Njia hii hutumika pale mmea unapokuwa mmoja na hauzai watoto. Safisha kisu kwa spiriti au kwa moto. Kata majani na mizizi, kisha kata kitunguu kutoka juu hadi chini kama mtu anayekata chungwa, upate vipande vinane. Kila kipande lazima kiwe na sehemu ya kitako. Acha vipande vikauke kivulini kwa siku moja, halafu vifukie katika mchanga safi wenye unyevu kidogo ndani ya kopo lenye mfuniko, uliweke mahali penye joto la kawaida la nyumba. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vitunguu vidogo kati ya magamba, karibu kabisa na kitako. Hapa ndipo maelezo yetu ya awali yanapothibitika: chipukizi mkubwa ameondolewa na wadogo wameamka. Hasara yake ni kwamba mama hufa kwa kukatwa, kwa hiyo usianze na kitunguu cha pekee kabla hujajifunza kwa kingine.

Tatu, magamba ya yungiyungi. Kwa kuwa magamba haya yamejitenga, huna haja ya kukata. Vunja machache ya nje karibu kabisa na kitako, uyaweke katika kopo la mchanga kama ilivyoelezwa. Kila gamba linaweza kutoa kitunguu kimoja au zaidi kwenye jeraha lake, na mama atapona akirudishwa ardhini.

Nne, mbegu. Subiri tunda lianze kupasuka. Tandaza mbegu za amarili juu ya udongo mwepesi, funika kidogo sana na usiache zikauke. Usiwakaushe miche wakati wa kiangazi cha kwanza. Wamwagilie waendelee kukua.

Tahadhari mbili. Amarili, krinamu na lile ua la mviringo jekundu zote zina sumu katika vitunguu vyake. Kitunguu cha maua kisiwekwe kamwe jikoni au mahali mtoto anapoweza kukichanganya na kitunguu maji, na mikono ioshwe baada ya kazi. La pili ni kuhusu mimea ya porini. Mtu akichimba kitunguu kimoja cha zamani porini, anaondoa mama, watoto na mbegu za miaka ijayo kwa wakati mmoja. Ni bora kuchukua mbegu chache na kuuacha mmea mahali pake.

Vile vitunguu 23

Mwanafunzi wangu na wenzake walivipanga vile vitunguu kivulini mbele ya idara, tukavikagua kimoja kimoja. Vitano vilikuwa vimekatwa na majembe au vimeoza kitako, vikatupwa. Viwili vilikuwa na majani yenye michirizi ya njano. Hivyo ndivyo vilivyotusumbua, kwa sababu kimoja kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na baadhi yetu tulidhani huenda ndicho alichokishika marehemu kwa mikono yake. Mwenzangu mmoja alipendekeza tukihifadhi kwa heshima yake. Mwanafunzi akasema kwa sauti ya chini kwamba kama vyote vimetoka katika kimoja, basi marehemu alivishika vyote. Vile viwili tulivichoma.

Vilibaki 16. Sita tulivipanda upande wa pili wa jengo, mbali na mtaro, ambako tutaviangalia majani kwa misimu miwili kabla ya kugawa watoto wake. Kumi vilichukuliwa na wanafunzi kwenda makwao, kila mmoja akiwa na maagizo ya kukipanda peke yake na kukitazama kwa muda huo huo. Vingine vimefika Mbale, vingine Kasese, na kimoja kimevuka mpaka kwenda Bukoba.

Kuhusu ile sentensi, nimemrudishia mwanafunzi alama yake. Nimemweleza kwamba wazungumzaji wengi wangesema "kujizalisha", na kwamba kiambishi -ji- kinafaa pale tu kitunguu kinapojigawa. Kikizaa kwa mbegu kinahitaji mwenzake, na hapo -ji- haina kazi. Aliandika maelezo hayo daftarini, kisha akauliza kama anaweza kupewa kitunguu kimoja zaidi, cha mama yake.